Punda Hasemi Kuwa Jino Linamuuma

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa huduma za mifugo mbele ya wamiliki na wachukuzi wa punda mjini Lamu. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Najua wapo walioacha mizigo gatini ili waje hapa, kwa hivyo sitawachelewesha. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni meno ya punda.

Nasikia watu wakicheka kule nyuma. Si kosa. Hata mimi zamani ningecheka. Lakini kabla hatujaendelea, naomba mniinulie mikono. Ni nani kati yenu amewahi kumfungua punda kinywa akamtazama meno? Naam, mikono ni mingi, nashukuru. Sasa abaki na mkono juu yule aliyemfungua kinywa tena baada ya siku ile ya kumnunua.

Mmeona wenyewe. Mikono imeshuka karibu yote.

Meno ya punda tunayajua vizuri siku ya biashara. Tunayatazama ili tujue umri, tusije tukauziwa mzee kwa bei ya kijana. Tukishalipa, kile kinywa kinafungwa na hatukifungui tena miaka kumi, miaka kumi na mitano, mpaka mnyama afe. Miaka yote hiyo tunamtazama mgongo kama una kidonda, tunamtazama kwato kama zimerefuka, tunamtazama miguu kama anachechemea. Hayo ni mazuri na nawaomba msiyaache. Lakini nguvu ya kubeba ule mchanga na yale mawe inaingilia kinywani, na kinywani hatutazami.

Niwaeleze kwa nini jambo hili linanigusa. Baba yangu alikuwa na punda mmoja, na kwa punda huyo tulisomeshwa. Alibeba mawe ya matumbawe, mchanga, saruji na maji. Kazi yangu mimi, nikiwa mtoto, ilikuwa kufagia pale alipolala kabla ya kwenda shule. Kila asubuhi nilikuta chini madonge madogo ya majani, yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate, makubwa kama kidole gumba. Nilidhani ni uchafu wake wa kawaida. Niliyafagia, nikayatupa.

Baada ya muda punda akaanza kukonda. Baba akamnunulia dawa ya minyoo. Akaendelea kukonda. Akaongezewa pumba, akawa anazichezea tu. Akaanza kusimama njiani akiwa na mzigo, na watu wakasema huyu amekuwa mvivu. Mvivu dawa yake mnaijua. Akapigwa. Mwisho siku moja akakataa kula kabisa, na siku chache baadaye akafa. Mwaka ule nyumbani kwetu ulikuwa mwaka mgumu, nami nilikaa nje ya shule muhula mzima.

Miaka mingi baadaye nikiwa chuoni, mwalimu alitufungulia kinywa cha punda mmoja na kutuangazia tochi. Ndani ya mashavu kulikuwa na vidonda virefu, kama vilivyokatwa kwa wembe. Ulimi nao ulikuwa umekatwa. Kisha mwalimu akatuonyesha chini, penye madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate. Nilinyamaza kimya. Nilijua siku hiyo kwamba kila asubuhi ya utoto wangu nilikuwa nikifagia ushahidi. Punda wa baba hakuwa mvivu. Alikuwa na njaa, chakula kiko mbele yake, na kila akitafuna anajikata.

Basi tuanze na swali la kwanza: meno ya punda yana nini hata yamdhuru mwenyewe?

Sisi binadamu jino likishaota limeota. Likila, likichimbika, halirudi. Punda hayuko hivyo, na farasi na pundamilia vilevile, kwa sababu ni ukoo mmoja. Jino la punda ni refu sana na sehemu kubwa imefichwa ndani ya taya. Kila mwaka jino husukumwa nje kidogo, kiasi cha milimita 2 au 3, na kila mwaka husagwa kiasi kama hicho kwa kutafuna. Mwenyezi Mungu ameliumba hivyo kwa sababu chakula chake ni majani makavu na magumu, na mara nyingi yana mchanga ndani. Kama jino halingesukumwa, lingeisha akiwa bado kijana.

Punda mzima ana meno 36 hadi 44. Mbele yako meno 12, sita juu na sita chini, ya kukatia majani. Nyuma yako magego 24, ya kusagia. Dume kwa kawaida huwa na chonge pia, na wengine huwa na vijino vidogo mbele ya magego. Wale tunaowatazama siku ya kununua ni wale 12 wa mbele tu. Magego hayaonekani ukifunua mdomo, yako ndani kabisa, na huko ndiko matatizo mengi yaliko.

Sasa angalieni viganja vyangu. Hili ni taya la juu, na hili ni la chini. La juu ni pana kuliko la chini. Hayalingani. Punda anapotafuna, taya la chini linakwenda upande kwa upande, kama jiwe la kusagia. Pale meno yanapokutana, yanasagana vizuri. Lakini ukingo wa nje wa magego ya juu haukutani na kitu, na ukingo wa ndani wa magego ya chini nao haukutani na kitu. Kingo hizo hazisagiki, na jino linaendelea kusukumwa. Matokeo yake ni ncha kali. Zile za juu zinakata mashavu, na zile za chini zinakata ulimi.

Hili si ugonjwa wala si laana ya mtu. Ni maumbile, na humpata hata punda anayetunzwa vizuri. Ila huzidi kwa punda anayelishwa pumba nyingi na majani machache. Majani humlazimisha kutafuna kwa muda mrefu na kupeleka taya mbali upande huu na upande ule. Pumba huzitafuna kidogo tu, juu na chini, akameza. Kwa hivyo punda wa mjini, anayekula pumba, maganda na mabaki ya jikoni, meno yake yako hatarini zaidi kuliko ya yule anayekula majani kutwa. Na mkiongeza kamba ya kichwani iliyobana, inayosukuma shavu dhidi ya zile ncha, mnaongeza kidonda juu ya kidonda.

Swali la pili: mbona hatujui? Tunaishi na punda nyumba moja, tunapishana nao vichochoroni usiku na mchana.

Hatujui kwa sababu punda hasemi. Ng'ombe akiumwa utasikia. Mbuzi akiumwa mtaa mzima utasikia. Punda ameumbwa kuficha maumivu, kwa kuwa huko nyikani mnyama aonyeshaye udhaifu ndiye wa kwanza kuliwa. Ataumwa jino mwaka mzima huku anabeba mzigo. Atasimama mbele ya chakula, kichwa chini, midomo inacheza, nawe utasema anakula.

Na kuna sababu nyingine. Farasi anayepandwa huvaa lijamu kinywani. Jino likimsumbua hutikisa kichwa, hukataa kugeuka, na mpandaji anajua siku hiyohiyo kuna jambo. Punda wetu wengi hawavai lijamu. Ni kamba na fimbo. Hakuna kitu kinachogusa kinywa chake, kwa hivyo hakuna anayepata habari za kinywa chake.

Basi kama hasemi, tumsomeje? Naomba mshike dalili hizi. Hakuna haja ya kalamu, zote ni za macho, pua na mikono.

Ya kwanza ni yale madonge. Ukikuta chini majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa, hilo ni jino mpaka ithibitike vinginevyo. Usiyafagie, mpigie daktari.

Ya pili, anakula polepole kuliko wenzake, anageuza kichwa upande mmoja akitafuna, au anaacha majani na kuchagua vilaini tu.

Ya tatu, mate yanamtoka, au kinywa kinanuka uvundo. Kinywa cha punda mzima kinanuka majani tu.

Ya nne, shavu limejaa upande mmoja kama anayetafuna tambuu. Mara nyingi ni chakula kilichokwama kati ya gego na shavu, kikaanza kuoza.

Ya tano, pua moja inatoa usaha wenye harufu mbaya. Mizizi ya magego ya juu iko karibu na matundu ya uso, kwa hivyo jino lililooza hutokea puani. Mafua ya kawaida hutoka pua zote mbili. Upande mmoja na uvundo, fikiria jino.

Ya sita, uvimbe chini ya taya au kwenye uso.

Ya saba, tazama kinyesi. Ukiona majani marefu mazima au punje za mahindi zilizopita kama zilivyoingia, ujue hakuna kusaga kunakofanyika.

Ya nane ni kukonda, na hii naitaja mwisho makusudi. Wengi wetu huitazama hii peke yake. Punda akikonda kwa sababu ya meno, tayari ameumwa miezi mingi. Na si kila anayekonda ana minyoo. Mpeni dawa ya minyoo, ni sawa, lakini kama hakunenepa, msirudie dawa mara tatu. Fungueni kinywa.

Na ninaposema fungueni kinywa, simaanishi muingize mikono. Tafadhali sana. Magego yale yanaweza kukata kidole kama muwa. Ninyi nyumbani fanyeni hivi: simama kando ya kichwa chake, msemeshe, kisha pitisha viganja kwa nje juu ya mashavu, kuanzia karibu na pembe ya mdomo kwenda nyuma, ukibonyeza taratibu. Linganisha kushoto na kulia. Akiruka, akivuta kichwa, au ukihisi upande mmoja una donge, umeshapata jibu lako. Mengine mwachie mwenye ujuzi.

Mwenye ujuzi atafanya nini? Wengi mnaogopa hapa, kwa hivyo nieleze hatua kwa hatua. Kwanza atamtazama punda mzima, maana mnyama dhaifu hatibiwi kwa pupa. Ataosha kinywa kwa maji ili mabaki ya chakula yatoke. Ataweka chombo maalumu cha kushikilia kinywa wazi, na mara nyingi atampa dawa ya kumtuliza. Ataangaza kwa tochi na kupapasa kila gego. Kisha atachukua tupa ya meno, yenye mpini mrefu, na kusugua zile ncha kali tu. Sehemu ya jino anayosugua haina hisia, ni kama kucha. Akifanya kwa utaratibu, punda haumii.

Lakini sikilizeni vizuri: kazi yake si kulainisha meno yawe kama kigae. Gego lazima libaki na mikwaruzo yake juu, ndiyo inayosaga majani. Na katikati ya jino kuna sehemu yenye uhai. Akisugua kupita kiasi ataifikia, na hapo jino litauma na huenda likafa. Ndiyo maana jino lililorefuka sana kwa miaka kumi halishushwi kwa siku moja. Linapunguzwa kidogo leo, kidogo baada ya miezi kadhaa. Mkiona mtu anasifiwa kwa kusugua haraka na kwa nguvu, jihadharini naye.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo lazima niliseme waziwazi. Kuna watu wanaotumia koleo, nyundo na patasi kuvunja meno ya punda. Wapo wanaotumia tupa ya fundi wa chuma. Na katika sehemu mbalimbali duniani kuna desturi ya kukata au kuchoma kaakaa la punda mchanga likionekana limevimba nyuma ya meno ya mbele. Ndugu zangu, kule kuvimba kwa punda mchanga ni jambo la kawaida wakati meno yanabadilika. Si ugonjwa. Ukikichoma ndipo unapoanzisha ugonjwa, kwa sababu ataacha kula kwa maumivu.

Jino likivunjwa kwa koleo hupasuka mpaka ndani ya taya. Taya lenyewe linaweza kuvunjika. Na kidonda chochote kinywani kinaweza kuwa mlango wa pepopunda. Ugonjwa huu kwa Kiswahili tumeupa jina la punda mwenyewe, na si bure. Vijidudu vyake vimo katika udongo na samadi, na jamii ya farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao haraka sana. Punda aliyekakamaa taya na masikio hapati nafuu kwa urahisi. Chanjo ipo. Muulizeni daktari wa mifugo habari za chanjo hiyo siku hiyohiyo anapokuja kutazama meno.

Tena kuna sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamhusu punda kama inavyomhusu mnyama mwingine wa kufugwa. Na tangu sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, anayetibu wanyama lazima awe amesajiliwa. Muulize mtu cheti chake kabla hajaweka chuma kinywani mwa punda wako. Mwenye cheti hatakasirika ukimuuliza.

Sasa ni lini apelekwe? Chukueni hesabu hii, ni nyepesi.

Punda mchanga huwa na meno ya utotoni 24. Meno ya mbele huanza kubadilika akiwa na miaka miwili na nusu, yale ya katikati kwanza, kisha yanayofuata kwenye miaka mitatu na nusu, na ya pembeni kwenye miaka minne na nusu. Akifika miaka mitano au zaidi kidogo, kinywa kimejaa. Kipindi hicho cha mabadiliko mambo mengi huweza kukwama: jino la utotoni likakataa kutoka, likabaki kama kofia juu ya jino jipya. Na ndicho kipindi ambacho wengi wetu tunaanza kumbebesha mizigo. Kwa hivyo, kuanzia miaka miwili na nusu mpaka mitano, atazamwe kila miezi sita.

Kuanzia miaka mitano mpaka kumi na mitano, mara moja kwa mwaka inatosha, kama hana dalili. Akivuka miaka kumi na mitano, rudisheni iwe kila miezi sita.

Na punda mzee? Nilisema jino husukumwa nje mwaka hadi mwaka. Lakini urefu wake una mwisho. Punda akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka thelathini na zaidi, lakini meno yake yatakuwa yamekwisha kabla yake. Mengine yatalegea, mengine yatang'oka, na mapengo yatajaa chakula. Huyo hahitaji dawa, anahitaji kubadilishiwa chakula. Mkatieni majani mafupi kwa panga au shoka, kila kipande kisizidi upana wa vidole viwili. Loweka pumba kwa maji mpaka ziwe kama uji mzito. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na umtenge na vijana wanaomnyang'anya. Punda wa kilo 130 anahitaji karibu kilo 2 za chakula kikavu kwa siku. Hata mzee anahitaji hizo, ila apate kwa namna anayoweza kumeza. Na tafadhali kina mama, msimtupie maganda yakiwa ndani ya mifuko. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini bado tunaikuta matumboni mwao.

Kuna dharura moja tu nitakayowatajia leo. Punda akiacha kula kabisa, usingoje. Usiseme tumwone kesho kutwa. Mwili wa punda asiyekula huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, mpaka ini linashindwa kufanya kazi. Anayependa kupatwa na hali hii ni punda mnene, mwenye mimba, au anayenyonyesha. Ndiyo maana punda aliyeonekana mnene Jumatatu anaweza kufa Ijumaa, na watu wakasema amerogwa. Hakurogwa. Aliacha kula, na mara nyingine aliacha kwa sababu ya jino. Siku nzima bila kula ni dharura ya daktari siku hiyohiyo.

Najua swali lililo vichwani mwenu. Mzee mmoja amelisema hapa mbele kwa sauti ndogo: mwanangu, na siku ya kazi je? Nikimpeleka punda kwa daktari, nani atanipakulia jahazi?

Ni swali la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu. Utapoteza asubuhi moja. Pengine na jioni yake, maana akipewa dawa ya kutulizwa hafai kubebeshwa mzigo siku hiyo. Lakini tuhesabu pamoja. Asubuhi moja kwa mwaka, upande mmoja. Upande wa pili, punda anayefanya nusu ya kazi kwa miezi sita kwa kuwa ana njaa, kisha anakufa, na unakwenda kutafuta mwingine. Na kutafuta mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Katikati hapo vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya ngozi zinazouzwa nje, na wizi wa punda ukaenea. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na hilo ni jema. Lakini punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Waliopotea hawarudi upesi. Huyo uliye naye nyumbani ndiye wa kumtunza.

Kuhusu gharama na mahali pa kwenda, anzeni na ofisi ya mifugo ya wadi yenu. Huduma za mifugo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hivyo msione haya kuuliza. Hapa Lamu pia tumebahatika, maana huduma maalumu ya kutibu punda ilianza mjini hapa tangu miaka ya 1980. Wale wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, jikusanyeni. Daktari akijua kuna punda ishirini wanaomngoja siku moja, safari ya mashua ina maana. Punda mmoja mmoja ndiye mwenye gharama. Chagueni mtu mmoja katika kila kijiji, aandike majina ya wenye punda na mwezi waliotazamwa mara ya mwisho. Daftari la shule linatosha.

Nimalizie. Tuna methali isemayo, punda afe, mzigo wa bwana ufike. Waliotuachia maneno hayo walikuwa na maana yao. Lakini ninyi ni watu wa punda, mnajua ukweli wa gatini: punda akifa, mzigo haufiki. Unabaki pale, na wewe unabaki nao. Na tunayo nyingine, kwamba fadhila ya punda ni mateke. Mimi nimewahi kupigwa teke, nakiri. Lakini nikikumbuka yule wa baba yangu, aliyebeba mawe ya nyumba za watu na ada yangu ya shule, akiwa na kinywa kilichojaa vidonda, sijui ni nani kati yetu na yeye aliyekosa fadhila.

Sitawaomba mambo mengi. Leo jioni, mkishawalisha, msiondoke. Kaa naye dakika kumi. Tazama anavyotafuna, kama taya linakwenda pande zote mbili. Sikiliza. Punda mwenye meno mazuri ana mlio wake, wa kusaga taratibu bila kukatika. Kisha kesho asubuhi, kabla mtoto hajashika ufagio, mwambie atazame chini kwanza. Akikuta madonge ya majani, aje akuite.

Mtoto yule anaweza kukuokolea punda. Mimi sikumwokoa wa kwetu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nitazame. Sasa ninyi mmeambiwa.